Mgeni Aliyevuka Mpaka Ijumaa

Basi la kuwapeleka wageni uwanja wa ndege lilikuwa limekwisha kuwashwa injini Inspekta Twaiba Kibwana alipoingia Hoteli ya Mikoko, Diani, akiwa na konstebo mmoja, swaumu ya tangu alfajiri, na kesi iliyokuwa ikimponyoka mikononi.

"Zuia hilo basi," alimwambia Konstebo Maxwell.

"Nizuie na nini, afande?"

"Simama mbele yake. Mwili wote huo ulipewa wa nini?"

Maxwell, mtu wa Vihiga mwenye kifua kipana, akaenda kusimama mbele ya basi. Dereva akapiga honi. Maxwell akamwonyesha kitambulisho na meno.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, wafanyakazi wengi wa hoteli walipokwenda msikitini, mtu aliingia katika ofisi ya safari za watalii, akampiga mlinzi Ngala kwa chuma kichwani, akafungua kasha na kuchukua pasipoti ambazo wageni walikuwa wameziweka humo. Fedha hakuzigusa. Ngala alikuwa amelazwa hospitali ya Msambweni, hajafumbua macho. Aliyemkuta sakafuni ni Alamin Tembo, dereva wa hoteli, kijana wa Munje, aliyerudi mbio kuchukua kofia yake ya kuswalia. Alimbeba mwenzake mpaka garini, kanzu ikatapakaa damu, na kwa kuwa yeye pia alikuwa na ufunguo wa ofisi, polisi waliofika kwanza hawakujisumbua kutafuta mtu mwingine. Sasa Alamin alikuwa njiani kwenda mahakama ya Kwale kusomewa shitaka la wizi wa mabavu. Shitaka hilo halina dhamana, na hukumu yake ni kitanzi.

Twaiba hakuliamini hata chembe. Mwizi anayeacha fedha na kubeba pasipoti analijua soko lake. Pasipoti ya Ulaya hufungua milango mingi bila kuulizwa viza, na mtu aliyekwisha kunyimwa viza hata ya kwenda kutembea siku chache atauza alicho nacho ili aipate. Dereva wa Munje angewajua wapi wanunuzi wa bidhaa hiyo? Lakini palikuwa na mgeni mmoja hapo hotelini, Bwana Lindner, ambaye kwa maneno ya mapokezi alikuwa ameuliza zaidi ya mara moja ni nani hulifungua lile kasha. Na Bwana Lindner alikuwa anaruka leo.

Alimkuta kwenye ukumbi wa mapokezi, ameketi juu ya sanduku lake kama mtu mwenye hoteli. Mtu wa makamo, ndevu nyekundu zilizomfunika nusu ya uso, Kiswahili chake cha kuokota ufukweni.

"Jambo, mama polisi! Mimi iko rafiki ya polisi miaka mingi."

"Sijambo, bwana. Nipe pasipoti yako, tafadhali. Na tiketi."

Alizitoa bila kukunja uso. Hilo lilimuudhi Twaiba kuliko kama angegoma.

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Ah, Ijumaa! Mimi iko Tanga." Alipiga goti lake kwa furaha. "Angalia, angalia. Muhuri yote iko."

Yote ilikuwapo kweli. Ijumaa asubuhi ametoka Kenya, ameingia Tanzania. Jumamosi ametoka Tanzania, amerudi Kenya. Viza ya Tanzania alikuwa ameichukua mapema mjini Mombasa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ilikuwa imebanwa ndani ya jalada. Pasipoti yenyewe ilikuwa na muda mrefu kabla ya kwisha, na tiketi ya kurudi kwao ilikuwa safi. Kila kinachotakiwa kwa mgeni wa matembezi mafupi, huyu alikuwa nacho, na ziada.

"Unaondoka leo Jumatatu," Twaiba alisema. "Ulikwenda Tanga Ijumaa kutafuta nini?"

"Kibali." Lindner aliinua kidole cha mwalimu. "Miezi tatu ya mgeni, kwisha Jumamosi. Ndege Jumatatu. Siku mbili mimi bila kibali, uwanja ya ndege iko matata. Kwa hivyo mimi toka, lala moja, rudi, kibali mpya. Wageni yote iko fanya hivyo. Mimi heshimu sheria."

Twaiba aliuma mdomo. Jibu lilikuwa zuri. Wageni wa Diani waliokaa sana walikuwa na desturi hiyo kweli: kibali kikikaribia kwisha, wanateremka njia ya Lunga Lunga, wanalala ng'ambo, wanarudi na muhuri mbichi. Hakuna sheria waliyoivunja.

"Mpakani kulikuwaje?"

"Foleni refu. Jua kali. Muhuri, pap! Kwisha."

"Hakuna lingine?"

"Hakuna."

Aliitazama picha tena. Ilikuwa ya zamani: macho mawili, pua, na kichaka cha ndevu. Akamrudishia pasipoti, akatoka barazani alikokuwa Maxwell, jasho linamchuruzika mbele ya basi.

"Afande, huyu jamaa ako sawa," Maxwell alisema alipoelezwa. "Stampu ziko, deti ziko. Tutamshika na nini? Tumwachilie, ama tutaitwa ofisini tuelezee."

"Kaa hapo hapo."

"Hii jua itaniua."

"Mimi nafunga, Maxwell. Usinililie mimi habari za jua."

Alirudi ndani kwa Everline, msichana wa mapokezi, mwenyeji wa Busia aliyejifunza Kijerumani hapo hapo kwenye kaunta. Wino wa kura ulikuwa bado umemganda kidoleni, kama ulivyowaganda nusu ya watu wa Ukunda. Lilikuwa limepita juma moja tu tangu uchaguzi.

"Everline, mama, nisaidie. Bwana Lindner alionekana hapa Ijumaa?"

"Hapana, Inspekta. Alituaga Alhamisi jioni, akapiga kelele ukumbini kote anaenda Tanga. Hata jikoni walisikia."

"Ana mwenzake?"

"Bwana Bruno. Sisi huwaita mapacha, kwa sababu ya zile ndevu. Lakini huyo alikuwa mgonjwa wa tumbo, alijifungia chumbani Ijumaa yote mpaka Jumamosi. Aliweka kibao cha kutosumbuliwa."

"Alikula nini?"

Everline akacheka kidogo. "Hata mimi nilishangaa. Ijumaa mchana ilipigwa simu kutoka chumbani kwake. Pweza wa nazi, chapati na bia mbili. Mhudumu aliacha sinia mlangoni. Sahani zilirudi zimelambwa."

"Mwenye tumbo la kuhara?"

"Na si hilo tu. Bwana Bruno hali kitu cha baharini. Wiki ya kwanza alionja pweza kidogo tu, uso ukafura, tukaita daktari. Mpishi ana onyo lake ukutani."

Twaiba alihisi ile raha anayoijua vizuri, ya jiwe la kwanza kucheza kwenye ukuta uliokuwa hautikisiki. Palikuwa na mtu mwingine chumbani kwa Bruno Ijumaa, mtu asiyetaka kuonekana, mwenye njaa na mapenzi ya pweza.

"Bwana Lindner hupenda nini?"

"Pweza," Everline alisema, macho yakimtoka. "Kila siku pweza."

Vizuri. Vizuri sana. Lakini hakimu hatamshusha mtu kizimbani kwa sababu ya pweza. Lindner ataonyesha mihuri yake minne na kumcheka. Ikiwa yeye alikuwa chumbani kwa Bruno, basi pasipoti yake ilivukaje mpaka na kurudi? Twaiba aliitazama saa ya ukutani. Kikao cha Kwale kilikuwa cha mchana huu huu. Simu ya huko ilikuwa imekufa tangu mvua za El Niño zilipoangusha nguzo, na redio ya gari ilikuwa ikikoroma tu.

Nje, honi ililia tena, ndefu. Sauti ya kiongozi wa msafara ikaita kwamba wakikosa feri ya Likoni watakosa na ndege. Wageni wakaanza kunyanyua mizigo. Hapo ndipo Bruno alipoteremka ngazi, begi mkono wa kushoto, mkono wa kulia umezama mfukoni. Kwa mbali ungeapa ni Lindner.

"Bili yako, Bwana Bruno," Everline alisema kwa Kijerumani. "Sahihi hapa."

Bruno aliweka begi chini. Alisita kidogo, kisha akatoa mkono mfukoni, akashika kalamu, akatia sahihi upesi upesi. Maxwell, aliyekuwa amechungulia mlangoni kutafuta kivuli, akaangua kicheko.

"Ai! Hata huyu mzungu alivote? Alipigia nani?"

Everline alicheka. Wapagazi wakacheka. Dole gumba la Bruno lilikuwa zambarau kuanzia ukucha mpaka kwenye kifundo.

Twaiba hakucheka. Alisimama pale pale, na kwa dakika nzima hakuona hoteli wala wageni. Alimwona shangazi yake Mwanaima wa Jego, mchuuzi wa vitenge, aliyerudi kutoka Tanga Jumamosi na kuifanya nyumba isikalike kwa malalamiko. Kwamba kuna kipindupindu. Kwamba watu wa afya wameweka meza mpakani, hapiti mtu bila kumeza vidonge, na yeye amewaambia amefunga na hamezi kitu mchana wa Ramadhani, wakampa akameze magharibi. Lakini dawa ya zambarau wamempaka hata hivyo, ili ijulikane ameshahudumiwa, na haitoki! Alfajiri ya leo shangazi alikuwa amempakulia daku kwa dole hilo hilo.

Foleni refu, jua kali, muhuri, pap, kwisha. Hakuna lingine. Mtu aliyepita mpakani Jumamosi hiyo hiyo angeisahau meza ile?

"Maxwell!" Sauti yake iliunyamazisha ukumbi. "Funga mlango."

Alimwendea Lindner mbio. "Bwana, nipe mikono yako."

"Nini?"

"Mikono. Yote miwili. Ifumbue."

Lindner aliinyoosha huku akitabasamu. Ilikuwa myeupe, misafi, kucha zimekatwa vizuri. Twaiba aliigeuza huku na huku, kisha akaiachia.

"Everline, mwambie Bwana Bruno atoe pasipoti yake."

Bruno aliitoa. Twaiba aliipekua ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa ameingia Kenya mwezi uliopita, na tangu hapo hakuna muhuri mwingine wowote.

"Sasa mnieleze, na mimi nitasikiliza kwa makini," alisema, na alikuwa akijizuia asipige makofi. "Wewe, Bwana Lindner, pasipoti yako imevuka mpaka lakini dole lako halikuvuka. Na mwenzako dole lake limevuka lakini pasipoti yake haikuvuka. Hapa Pwani tumeona mengi, bwana, ila hilo bado."

Tabasamu la Lindner likaganda. "Ile wino ya kalamu tu."

"Wino wa kalamu hutoka kwa ndimu. Huu shangazi yangu amesugua kwa ndimu, kwa jivu na kwa matusi, na bado uko. Mwenzako alidhani hautaonekana kwa sababu juma hili kila mtu ana kidole cheusi. Hesabu nzuri. Alisahau jambo moja tu, kwamba nyinyi si wapiga kura."

Everline alikuwa akimtafsiria Bruno, na kadiri alivyotafsiri ndivyo uso wa Bruno ulivyozidi kuwa mweupe.

"Mwulize kama anajua mlinzi Ngala amelazwa hajitambui," Twaiba alisema taratibu. "Mwulize kama anajua hapa kwetu wizi wa kumpiga mtu hukumu yake ni nini, na kwamba aliyesaidia ni sawa na aliyetenda."

Everline aliuliza. Bruno alitoa maneno kwa kasi, akimwonyesha Lindner kwa lile dole lake la zambarau.

"Anasema aliombwa tu akavushe pasipoti, kwa sababu Bwana Lindner alikuwa mvivu wa kwenda. Walifanana, picha ni ya zamani, na kule kulikuwa na umati. Anasema aliporudi na kusikia habari za mlinzi, Bwana Lindner alimwambia akifungua mdomo wataozea jela wote wawili. Anasema hakujua, Inspekta. Analia."

"Atalia baadaye. Pasipoti za wageni ziko wapi?"

Lindner hakungoja jibu. Kwa unene wake alikuwa mwepesi ajabu. Alimkumba mpagazi, akaruka sanduku, akapita mlango wa jikoni na kuzunguka nje kuelekea kwenye basi lenye injini inayonguruma. Twaiba aliinua mtandio wake na kumfuata mbio. Wageni walipiga mayowe. Mlango wa basi ulikuwa wazi, na Lindner alikuwa na mguu mmoja ngazini Maxwell alipomfikia, akamkumbatia kiunoni na kumng'oa kama mhogo. Wote wawili wakaanguka kwenye mchanga.

"Si uliniambia nisimamie basi, afande?" Maxwell alisema, anahema, pingu mkononi.

"Nakusamehe na lile la jua," Twaiba alisema. Alikuwa akicheka sasa, hakuweza kujizuia.

Everline alikuja mbio. "Korosho! Bwana Bruno anasema ziko kwenye korosho!"

Juu ya basi, kati ya masanduku, palikuwa na debe la korosho za kukaanga, limefungwa kamba na kubandikwa jina la Lindner. Walilishusha. Twaiba, aliyelelewa akibangua korosho Msambweni mpaka utomvu ukamchubua vidole, alilipima kwa mikono na kujua halina uzito wa korosho tupu. Alilimwaga lote barazani. Watu waliofunga wakameza mate. Katikati ya korosho zikaanguka pasipoti, moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa mfuko wa nailoni.

Hakungoja hata pongezi. Aliwaachia polisi waliofika kutoka kituoni wale mapacha wawili, akaingia kwenye Landrova na mfuko wake, akamwambia Maxwell akanyage mafuta. Walipita Ukunda wakipiga king'ora, wakakata kona ya Kombani, wakaanza kupanda mlima wa Kwale kwenye barabara ambayo mvua zilikuwa zimeitafuna pande zote mbili. Twaiba alishika dashibodi na kuomba dua kwa sauti. Maxwell, Mkristo wa kanisani hasa, aliitikia amina kila mara.

Mahakama ilikuwa imejaa. Alamin alikuwa kizimbani, bado na ile kanzu, damu imekauka rangi ya kutu. Karani alikuwa amesimama na karatasi mkononi.

"Alamin Tembo, unashitakiwa kwamba..."

Twaiba alipita katikati ya mabenchi, viatu vikigonga sakafu, akauweka mfuko wa pasipoti mbele ya mwendesha mashtaka na kumnong'oneza sikioni. Mwendesha mashtaka alisikiliza. Akaufungua mfuko, akatazama, akapangusa chenga za korosho, akasimama.

"Mheshimiwa, kabla shitaka halijasomwa. Upelelezi umebadilika. Watu wengine wamekamatwa na mali imepatikana. Upande wa mashtaka unaomba kuondoa shitaka hili."

Kukawa na mnong'ono chumba kizima. Hakimu aliandika, akainua kichwa.

"Mshitakiwa, shitaka dhidi yako limeondolewa. Uko huru. Shuka."

Alamin hakusogea.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mheshimiwa. Ahsante." Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka. "Lakini hapa wamo watu wa Munje. Yuko mama yake Ngala, pale nyuma. Siku tatu wanaambiwa mimi nilimpiga. Naomba mtu aseme, nami niko hapa nasikia, kwamba sikumpiga."

Hakimu alivua miwani. "Mahakama haijasikiliza ushahidi, kijana. Si kazi yangu kulisema hilo."

Alamin alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia jibu hilo, na akazidi kushikilia ukingo wa kizimba. Askari aliyekuwa karibu naye alitazama sakafu. Utaratibu wa mahakama Twaiba aliujua vizuri: polisi hasemi mpaka aitwe. Alisimama hata hivyo, akageuka, akampa hakimu mgongo na kuwatazama watu wa mabenchini mpaka akamwona yule mama.

"Mama," alisema, "shikamoo. Mimi ndiye mpelelezi wa kesi hii. Alamin hakumpiga mwanao. Alimbeba."